Mimi Ni Fundi Cherehani, Mume Wangu Anashonesha Nje

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu wewe mwenyewe usimpe mtu mwingine barua hii, kwa sababu jambo lenyewe kila nikimweleza mtu kwa mdomo anaanza kucheka kabla sijafika katikati, na mimi sichekeshi, mimi naungua. Mkoba wangu wa nguo uko nyuma ya mlango wa chumbani, umeshafungwa zipu, na kinachonizuia kuubeba ni jibu lako tu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, magauni, sare za shule, nguo za harusi, na sijisifu lakini mtaa huu mtu akiona mshono umenyooka hana haja ya kuuliza umetoka wapi. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu mpole, hanywi, hapayuki, mtaani wanamwita Fundi Baridi, na kwa muda mrefu nilidhani Mungu amenipendelea mimi kuliko wanawake wote wa mtaa huu, mpaka alipoingiwa na huyu malkia.

Malkia mwenyewe ni wa kwenye filamu ya zamani ambayo mume wangu aliitazama akiwa mdogo, mwanamke mrefu kama mlingoti, amevaa ngao ya magamba kifuani na joho jekundu mgongoni, anafukuza maadui waliovamia mji wake, basi, ndiyo habari yote ninayoijua kwa sababu sijawahi kukaa kuitazama. Sasa kumbe wapo watu wengi, watu wazima wenye kazi zao na akili zao, wanaotengeneza nyumbani mavazi na silaha za kwenye filamu, na sharti lao ni moja tu, kila kitu kiwe vilevile kama kinavyoonekana kwenye kioo cha televisheni, kifungo kwa kifungo, mkwaruzo kwa mkwaruzo, na mwisho wa mwezi huu watakusanyika ukumbini wavae, wapigane picha na kutafutana makosa. Mume wangu ni mmoja wao. Stoo yetu, ambayo ilikuwa ya magunia na friji zilizokufa, sasa ni kasri la malkia. Magamba ya ile ngao ameyakata moja moja kutoka kwenye plastiki ya ndani ya milango ya friji mbovu, akayakunja kwa moto wa mashine yangu ya kukaushia nywele, akayapaka rangi ya fedha, halafu, Mshauri, yakishapendeza, anachukua msasa na masizi anayachakaza. Mimi wateja wangu wananipa kilichochakaa nikifanye kipya, yeye anachukua kipya anakichakaza, na nikimuuliza kwa nini ananijibu, "Ndivyo ilivyo." Mkasi wangu wa kitambaa, ambao hata mama yangu mzazi simwachii akate nao karatasi, nimeukuta umejaa gundi na sponji. Nililia kwa ajili ya mkasi ule. Lakini mkasi si neno, ningesamehe mkasi.

Kinachonimaliza ni macho yake. Anapiga magoti mbele ya televisheni, anaisimamisha picha, anampima yule mwanamke kwa rula! Mchana kweupe, mimi naingia na chai, namsikia anajisemea, "Kumbe kiuno chake kinaanza juu kuliko nilivyodhani." Nikasimama na sinia mkononi nikamwambia, "Na changu kinaanzia wapi, baba watoto?" Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini, akasema, "Chako nakijua." Hilo ndilo jibu la kumpa mke? Kinachojulikana hakitazamwi tena? Na kila mara anaisimamisha palepale, malkia anapogeuza mgongo, nikipita na beseni la nguo namkuta na mgongo, nikirudi na beseni tupu bado yuko na mgongo, mpaka nikaanza kujigeuza mbele ya kioo nitazame wangu una kasoro gani. Mara nyingi tu ameniita, "Njoo ukae, utazame japo kipande hiki," nikamjibu kwamba mimi siketi sebule moja na mke mwenza. Siku moja akasema, huku anatabasamu peke yake, "Unajua yule malkia ananikumbusha mtu." Nikamuuliza nani. Akacheka, "Utamjua tu." Mshauri, chakula cha siku ile sikukimeza.

Lakini nilijipa moyo, nikasema mwanamke wa kwenye kioo hawezi kutoka akaja kulala kitandani kwangu, na mimi nina mikono, ngoja nimshike mume wangu kwa mikono. Ikatokea bahati akaniomba nimshonee pochi ndogo ya malkia, ile anayoifunga kiunoni. Nilivyofurahi! Niliacha gauni la bibi harusi likingoja, nikaishona ile pochi kwa mshono wa kurudia, nikaitia bitana ya hariri ndani ambapo hata hapaonekani, nikaipiga pasi, nikampelekea stoo. Akaigeuza huku na huku. Akasema, "Nzuri mno." Nikatoka pale kifua mbele. Basi pochi ile aliitia kwenye droo ya misumari na haijatoka humo mpaka leo, na alipofika kwenye joho, joho lenyewe ambalo ndilo vazi, kitambaa mita kwa mita, kazi ya fundi cherehani kabisa, hakuniambia hata neno moja.

Nilikwenda kununua zipu. Kule kwenye vibanda vya mafundi yuko binti mmoja niliyemfundisha kazi mimi, alikuja kwangu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, nikamfundisha, nikamlisha, na aliondoka mapema kabla ya kuiva, ndiyo maana mshono wake mpaka leo unatembea kama mlevi anayerudi nyumbani. Napita mbele ya kibanda chake, namwona nani? Fundi Baridi. Ameinama juu ya cherehani ya yule binti, picha ya malkia mkononi, kidole kwenye kitambaa chekundu, wanacheka wote wawili. Mume wa fundi cherehani anashonesha nje! Ningemkuta baa ningeona aibu kidogo, lakini kumkuta kwa fundi mwingine, na fundi mwenyewe yule! Kisha nikaona kitu kikanikata maini. Juu ya meza ya yule binti, limekunjwa vizuri, gauni langu la bluu, lile linalonikaa kuliko nguo zangu zote, ambalo nilikuwa nimelitafuta mpaka chini ya godoro nikadhani limeibwa kwenye kamba. Amemchukulia nguo yangu akampa! Hakuona duka? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, mimi kilikuwa kimebeba na nguo yenyewe.

Nilisema maneno pale, sitayaandika yote. Nilimwita mwizi wa waume mbele ya wateja wake. Binti akafunika uso kwa kile kitambaa chekundu. Mume wangu akanishika mkono, akasema taratibu, "Twende nyumbani, mama watoto. Ukipoa nitakueleza." Sikupoa. Kila alipofungua mdomo nilimwambia akamweleze malkia wake. Mwishowe akasema tu kwamba ile Jumamosi ya maonyesho nisipokee kazi ya mtu, nikamuuliza ili iwe nini, niende kumshikia huyo binti mkoba? Akaenda stoo.

Wifi yangu alipopata habari alikuja mbio, maana yeye hupenda habari zikiwa bado za moto. Akaniambia, "Wifi, mimi ni ndugu yake, lakini nikwambie kweli. Lisemwalo lipo. Mwanamume haachi cherehani nyumbani akaenda kushonesha kibandani bure."

Basi mume wangu akaitwa kutengeneza chumba cha baridi cha machinjio, mbali, kazi ya kulala hukohuko. Joho lilikuwa limeshaletwa, liko stoo kwenye mfuko. Nikalitoa. Mshauri, nilicheka kwa sauti. Mshono wa mgongoni umekwenda kama njia ya mbuzi. Bega moja limerushwa mbele jingine nyuma. Pindo upande mmoja linagusa kifundo cha mguu, upande wa pili limepaa. Na pale mgongoni katikati kuna mraruko umeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi nyingine kabisa, mishono mikubwa kama meno ya farasi, halafu juu yake limemwagiwa majani ya chai likawa na madoa. Nikasema haya ndiyo mapenzi, mtu akipenda haoni hata doa. Nikasema leo atajua tofauti ya mwanamke na mwanamke.

Nililifua mpaka madoa yakakiri. Nikachukua wembe nikafumua kila uzi wa yule binti, nikaukusanya nikautia jikoni ukaungua. Nikalishona upya, bega kwa bega, mgongo umenyooka ungeweza kuwekea rula yake ileile, mraruko nikauziba mpaka mimi mwenyewe nikawa siuoni, kingo nikazipitisha ovaloki zisifumuke, bitana ndani, pindo la kujificha. Uzi wa mwisho nikaukata kwa meno, tabia yangu hiyo, daktari wa meno ameshanigombeza. Kisha nikafanya kosa la kulivaa. Nikaivaa na ngao yake kifuani. Mshauri, vilinikaa! Kifuani hapakubana, kiunoni hapakupwaya, urefu uliishia penyewe kana kwamba nimepimwa. Malkia ni mlingoti, mimi ni kinu. Nikaelewa hapohapo. Yule binti ni mfupi kama mimi, tunalingana kimo. Vazi lile halikutengenezwa kwa ajili ya kutundikwa, limetengenezwa alivae yeye, mbele ya ukumbi mzima, ingawa kifua hana, kifua chake ni ubao wa kupigia pasi, sijui ngao ile angeijaza nini. Nikavua, nikalikunja, nikalirudisha kwenye mfuko.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja stoo kabla hata ya kunawa. Mimi nikasimama mlangoni nimekunja mikono, nasubiri aseme. Akalitoa. Akalitandaza juu ya friji mbovu. Akapitisha kidole mgongoni, chini juu, chini juu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Akasema, "Umelifua." Kisha akasema, "Umelinyoosha." Akakaa chini sakafuni, na machozi yakamtoka. Mume wangu, ambaye hata msibani kwa baba yake alijikaza!

Tangu siku ile hanigombezi. Anakula, anasema asante mama watoto, anaondoka. Stoo haingii. Wifi anasema, "Mwanamume anayelilia mshono wa mwanamke mwingine huyo ameshahama, kilichobaki humu ndani ni viatu vyake." Niambie ukweli, Mshauri, hata kama unauma. Nimemshonea kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kuishona, na amelia kwa ajili ya ile chafu. Nibebe mkoba wangu niende kwa dada yangu kabla ya hiyo Jumamosi, nisije nikaoneshwa mtaani kwa kidole, au nibaki nipigane? Na nikibaki, napigana na nani, yule wa kwenye kioo au yule wa kibandani?

Ni mimi,
Fundi wa Chumba cha Mbele

*

Mwanangu Fundi,

Kabla hujaendelea kusoma, inuka uutoe huo mkoba nyuma ya mlango, nguo uzirudishe kabatini. Zitakunjamana bure na wewe hupendi makunyanzi.

Umerudi? Pole. Nasema pole kwa moyo kwa sababu wivu ni moto na wewe umeukalia muda mrefu, na kumkuta mume anacheka kwa fundi mwingine kungemuuma fundi yeyote. Mimi mwenyewe mume wangu alipoanza kumsomea shemeji yangu gazeti badala yangu, nilinuna wiki nzima. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitaka kukufinya sikio. Majibu yako yote umeyaandika mwenyewe, kwa mkono wako, ukayapita kama unavyopita na beseni.

Niliitafuta hiyo filamu. Ndiyo, kwa ajili yako. Mume wangu aliingia akanikuta nimepiga magoti mbele ya televisheni akaniuliza kama nimeachishwa kazi. Basi nikueleze kile ambacho ungekijua zamani kama ungekubali kukaa sebuleni na huyo mke mwenza. Karibu na mwisho, mji umezingirwa, mafundi wa kasri wamekimbia, na joho la malkia limechanika mgongoni kwenye mapigano, mabega na pindo vimevutwa vikapinda. Mkono wake wa kulia umejeruhiwa. Anaketi kwenye ngazi, anachukua uzi wowote anaouona, anajishonea joho lake kwa mkono wa kushoto. Hajui kushona, mwanangu. Mishono inakwenda ovyo, mikubwa kama meno ya farasi, ulisema vizuri kabisa. Kisha anainuka, anageuka, anatoka kupigana, na picha inabaki kwenye mgongo wake na mshono ule uliopinda. Hapo ndipo mume wako anapoisimamisha. Hatazami mgongo wa mwanamke. Anahesabu mishono!

Sasa umeelewa ulichokifanya? Wewe umelinyoosha joho ambalo thamani yake yote ilikuwa kupinda. Hukushindana na yule binti, umemshinda malkia, umemfutia vita vyake vyote kwa sabuni na pasi. Ndicho alichokuwa anakitafuta kwa kidole, na hakukiona.

Na kwa nini alikwenda kibandani? Rudi kwenye pochi. Alikuja kwako kwanza! Hilo umelisema mwenyewe. Akaipokea akasema nzuri mno, na wewe ukatoka kifua mbele. Mwanangu, Kiswahili hiki tunakinywa na maziwa halafu hatukisikilizi. Mno ni mno. Chai ikiwa tamu mno unaifanyaje? Unaiacha kwenye kikombe. Pochi ya malkia anayelala vitani wewe umeitia bitana ya hariri. Mtu akaona kwamba mke wake hawezi kushona kitu kikapinda hata akiombwa, mkono wake unakataa, na akaona haya kumwambia fundi bora wa mtaa, "Nishonee vibaya." Akaenda kumtafuta fundi ambaye kupinda ni kawaida yake. Ulichokuwa unakililia kwa wivu kilikuwa ni sifa. Kama huyo binti angejua amechaguliwa kwa sababu gani, yeye ndiye angeniandikia barua.

Nikija kwenye gauni la bluu ndipo mkono wangu unapotafuta sikio lako. Wewe fundi mzima! Mteja akitaka kumshonea mtu nguo bila mwenyewe kujua, anakuletea nini? Si anakuletea nguo inayomkaa mwenyewe, uitandaze mezani uipime? Umezipokea ngapi za namna hiyo kwenye hicho chumba chako cha mbele, umewaficha wangapi siri zao? Lako ulipolikuta limekunjwa vizuri juu ya meza ya fundi mwenzako, ukaona mapenzi. Mganga hajigangi, walisema, na wewe umethibitisha.

Ulilivaa likakukaa, ukasema ni la binti kwa sababu ni mfupi. Na kifua? Umeandika mwenyewe kwamba hana, tena kwa maneno ambayo gazeti lilitaka kuyafuta nikawakatalia. Ile ngao ilikukaa wewe, bila kubana. Mtu anayepima kifungo kwa rula kwenye kioo cha televisheni hawezi kukosea urefu wa mwanamke mzima. Kila kitu amekifanya sawa na filamu isipokuwa kimo, na kimo amekipindisha kwa makusudi, kwa mapenzi, kikafika kwako. Alikwambia kiuno chako anakijua. Ukaona tusi! Akakuomba usipokee kazi ile Jumamosi. Ukamjibu kuhusu mkoba. Akakwambia malkia anamkumbusha mtu, na chakula kikakukwama. Sikiliza basi, yule malkia akimaliza mshono wa mwisho pale kwenye ngazi, unajua uzi anaukata kwa kitu gani? Kwa meno.

Lia kidogo kama unataka. Ukimaliza tufanye kazi.

Leo jioni mwambie mume wako akuwekee hiyo filamu tangu mwanzo, ukae, usiende kuanika chochote. Usijitetee na usimweleze mambo ya wifi. Ikifika pale kwenye ngazi mwambie aisimamishe, leta joho na wembe, na yeye akiwa anatazama ufumue kazi yako yote, ovaloki, bitana, pindo la kujificha, yote. Itakuuma kuliko kung'olewa jino, na mkono wako utatafuta visingizio. Kisha shika sindano kwa mkono wa kushoto. Nimesema wa kushoto. Yeye akushikie picha akuonyeshe kila mshono unapokwenda, na kwa mara ya kwanza tangu ujifunze kazi hii, uwe mwanafunzi wake. Majani ya chai naamini mnayo.

Kesho yake asubuhi, nenda kibandani. Ulimwita binti wa watu mwizi mbele ya wateja wake, basi mwombe radhi mbele ya wateja wake, kwa sauti ileile. Msifu kwa kumtunzia mteja siri, maana hata ulipomtukana hakuitoa. Kwa nini alichaguliwa yeye, hilo usimwambie, funga mdomo mpaka kaburini, na tuombe hasomi gazeti hili. Ukipata nafasi mwite arudi kwako amalizie kujifunza, lakini baada ya maonyesho.

Wifi mpe chai, akianza habari mwongeze sukari.

Na wewe Fundi Baridi, najua mkeo atakusomea au utaliokota gazeti hili mwenyewe. Umefanya jambo zuri kwa njia ya kijinga. Mwanamke akikuuliza malkia anakukumbusha nani, usiseme "utamjua tu", sema "wewe". Ni neno moja, na lingeokoa joho. Na huo mkasi wa kitambaa ukiugusa tena kwa sponji nitakuja mimi mwenyewe, na sitakuja na rula.

Jumamosi usipokee kazi ya mtu, mwanangu. Vaa ngao yako, vaa joho lako, jifunge na ile pochi hata kama ina hariri, mume wako avumilie kosa moja. Ingia ukumbini taratibu, uwageuzie mgongo wauone vizuri. Wapo watakaokusogelea wakuambie kwamba malkia ni mrefu kuliko wewe, na yupo fundi cherehani mmoja, hakosekani, atakayekunong'oneza kwa huruma kwamba mshono wako wa mgongoni umepinda. Usimtukane. Mwambie, "Ndivyo ilivyo."